Jiwe Nililoliosha

Mama,

Jiwe lako lilikuwa zana. Aliyesema hivyo ni Doreen, mtaalamu wa zana za mawe, jana Jumanne mchana, akiwa ameinamia hadubini ya kuazima katika maabara moja mjini Mbarara. Natanguliza jina lake kwa sababu wewe ulipolisema jambo hilohilo mwaka jana nilikuuliza chanzo, na chanzo chako nikakikataa.

Ulikuwa unapalilia maharage nyuma ya nyumba, hapa kambini Nakivale. Jembe likagonga kitu, ukainama, ukainuka na jiwe jeupe lililo bapa, la kujaa kiganja. Ukanifuata nilipokuwa nahariri sauti kwenye simu. "Andika iyi," ukasema. "Iyi jiwe ilishaka tumika. Kuko mutu alifanya nayo kazi mbele yetu." Nikauliza nani amekuambia. "Mukono yangu." Nikacheka. Nikasema mkono si chanzo.

Jioni ile redioni nilitia mzaha: nikasema kuna wakulima Nakivale ambao siku hizi wanavuna mawe na kuyatungia historia. Sikukutaja. Majirani walijua, na wewe ulijua. Niliporudi nyumbani ulikuwa umeshazima redio. "Sawa, muandishi," ukaniambia, ukaendelea kukwangua ukoko wa bugali sufuriani kwa jiwe lilelile.

Tangu tukuzike situlii. Nimeanza habari tatu, sijamaliza hata moja. Natembea hadi sokoni Base Camp, nafika, nasahau nilichofuata, narudi. Dada yangu Zawadi ndiye anayelima shamba lako sasa, na maharage yake yamesimama vizuri kuliko nilivyotarajia. Mbuzi wa jirani bado wanaingia. Kiti chako kiko palepale. Hakuna aliyekikataza, lakini hakuna anayekikalia.

Doreen alikuja huku kuwauliza wakulima kuhusu mawe wanayoyafukua, nikatumwa kumhoji. Akanieleza kwamba jiwe linalopara ngozi halichakai kama jiwe linalokata majani, na kwamba ukiutazama ukingo wake kwa hadubini unaweza kujua mtu wa kale alishinda akifanya nini. Nikamuuliza swali langu la siku zote: nani amekuambia? "Mimi nimepara ngozi ya mbuzi na mawe yangu mwenyewe, sebo," akajibu, akiniita bwana kwa lugha ya huku. "Halafu naangalia, nalinganisha." Yaani mkono wake. Nilizima kinasa sauti kabla ya wakati. Nikamwambia ninalo moja nyumbani.

Kosa nililofanya baada ya hapo ni langu, ingawa sheria ilikuwa yako. "Kitu haiendi kwa batu na buchafu." Uliwahi kunirudisha kutoka mlangoni kwa jirani, sufuria yake mkononi, kwa sababu ya doa moja la masizi chini. Basi nami, nikienda kwa mtu wa maabara na kitu cha mama yangu, nililisugua jiwe kwa majivu, kwa sabuni, na kwa waya wa sufuria. Liling'aa. Maji nikamwaga kwenye nyasi.

Doreen alilinusa. "Umeosha?"

"Sana," nikasema, na nilisema kwa fahari.

Akakaa chini. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa, kwamba ndani ya nyufa ndogo za jiwe huweza kubaki mafuta, wanga, chembe za kile alichokuwa akikifanyia kazi mtu yule. "Ungeleta tu hivyo," akasema. "Sisi uchafu ndiyo tunataka."

Kilichobaki ni hiki. Ukingo mmoja umekuwa butu, una mng'ao hafifu, na mikwaruzo midogo ya zamani inayoukata ukingo. Doreen alilinganisha na mawe yake, akasema inafanana na kazi ya kupara ngozi. Alisema inafanana, hakusema ndiyo. Umri alikataa kuutaja, kwa kuwa jembe lilikuwa limeshageuza udongo. Kisha akanionyesha mikwaruzo ya waya wangu. Inameremeta, inakwenda kila upande kama mtu aliyepotea.

Juu ya mng'ao ule wa kale kuna mikwaruzo ya aina ya tatu, mipya, yenye alama za kijivu za sufuria. Waya haukuifuta. Nayo inaukata ukingo vilevile kama ile ya zamani, lakini imejaa kona moja tu. Doreen akalijaribu jiwe mkono wa kulia, halikumkaa. Akalihamishia kushoto. "Nyumbani kuna mtu wa kushoto?" akauliza.

Mama, nikamwambia alikuwepo: wewe.

Nilimuuliza mara mbili kama yule wa kale naye alikuwa wa kushoto. "Hiyo siwezi kuapa." Basi nami siapi. Naripoti hili tu: ulichukua ukingo aliouacha, ukaendelea na kazi, na hakuna aliyekufundisha pa kushika.

Liko lile jiwe la pili, uliloliokota msimu wa nyuma na kulipachika ukutani karibu na mlango, na udongo wake wa shamba. Hukuwahi kulitumia. Doreen analitaka kesho kutwa... hapana, kesho. Leo ni Jumatano, nachanganya siku. Na Jumamosi tunaondoa matanga, na unajua kinachofanyika: vitu vya marehemu vyote huoshwa kabla ya ndugu kugawana. Jana niliporudi kutoka Mbarara nilimkuta Zawadi na beseni, jembe lako limeshaoshwa, jiwe hilo la pili liko kando ya sabuni, bado na udongo wake.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele.

"Unataka vitu vya mama viende kwa batu na buchafu?" akaniuliza. "We ndiye ulimuchekea kwa redio. Leo unamulilia jiwe?"

Nikamweleza tu nilichomwaga kwenye nyasi. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaliinua jiwe kwa karatasi bila kuligusa, akalitia kwenye bahasha aliyonipa Doreen. Nikanyoosha mkono kuipokea. "We usiguse," akasema. "Minaipeleka mimi mwenyewe."

Jiwe la kwanza limebaki Mbarara. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya jina la aliyeliokota. Nimeandika lako: Mapendo, mkulima. Ijumaa, kwenye habari za saa saba mchana, nitasoma masahihisho kwa jina hilohilo. Nitasema nilikosea, na kwamba chanzo changu kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Nitasema ni chanzo gani. Jumamosi tutaosha vilivyobaki, na kiti nitakiosha mimi.

Pumzika, Mama. Kesho Alhamisi saa mbili asubuhi tuko kwa Doreen: Zawadi mbele na bahasha, mimi nyuma, mikono mitupu.

Mwanao, muandishi.