Aliyenibakiza Jeshini

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kambini. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na shemeji ni mzima. Mimi mwili haujambo, moyo ndio umechafuka. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungelia, nami ningelegea.

Unakumbuka nilivyotaka kuacha jeshi mwanangu alipofikisha miaka miwili. Nilichoka kumlea kwa simu. Wakubwa nao walishtuka kuona makapteni wanawake wanaondoka mmoja baada ya mwingine, ndipo nikapewa yule Kanali, mwanamama aliyesifika kwa kuwashawishi vijana wabaki, awe mlezi wangu kikazi. Kila nilipompelekea barua ya kuacha kazi, alitoka nyuma ya meza, akavuta kiti karibu yangu na kunimiminia chai mwenyewe. Hakunigombeza hata siku moja. Alisema magari ya kikosi yanatembea kwa sababu yangu. Kisha, taratibu, alimgusia mtoto: kwamba amezoea kulala ubavuni mwako, kwamba kumhamisha sasa ni kumtesa, kwamba mama mwenye huruma angesubiri kidogo. Nami nilirudi karakana nimelainika, barua mfukoni. Nimesubiri hivyo hadi mtoto ameanza shule.

Sikuwahi kujiuliza alijuaje mtoto analala wapi. Nilimpenda yule mama, dada. Nilimwona mzazi.

Juzi tulimuaga, anastaafu. Baada ya hotuba akanishika mkono, ana furaha zake, akaniambia nisimshukuru yeye.

"Mshukuru dada yako," alisema. "Kila ulipotaka kuondoka alinipigia simu mapema, akaniambia niseme nini."

Alidhani najua. Alidhani tulikubaliana kifamilia nisiitupe kazi nzuri. Nilicheka naye, nikampigia saluti, nikaenda kukaa ndani ya lori bovu hadi watu walipotawanyika.

Kumbe kila nilichokueleza nikilia kilinitangulia ofisini kwake. Najua hukujaliwa mtoto, na uchungu huo nimeulia pamoja nawe. Lakini ungeniambia, dada. Ungesema wazi kwamba huwezi kuachana naye, tungegombana kama ndugu, yakaisha. Wewe ukanizunguka, ukamtumia mtu niliyemwamini kunifunga miguu. Nina hasira na wewe.

Safari hii sikumwambia mtu. Nimeomba kuondoka na nimekubaliwa. Nakuja mwisho wa mwezi kumchukua mwanangu. Mfungie nguo zake na viatu vya shule. Sitakuzuia kumwona, maana mtoto hana kosa.

Jana nilipopiga, mtoto alipokea mwenyewe. Nikamsikia anakuita: "Mama, Kapteni anataka kuongea na wewe." Usimfundishe kuniita vingine kabla sijafika. Hilo niachie mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi,
mdogo wako.