Saa Mbili ya Kifaransa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetoa kopi za sivii za watu kumi na mmoja. Mmoja wao alisoma Kifaransa kama mimi, darasa moja nyuma yangu. Nilimtambua kabla hajaniona. Nikainama chini ya kaunta, eti natafuta karatasi. Mwenye duka ndiye aliyemhudumia. Nilibaki pale chini hadi magoti yakafa ganzi.

Alipoondoka niliisoma nakala yake iliyoharibika kwenye mashine. Ameandika anaweza kuwa mwalimu, mfasiri, mkalimani, mwongoza watalii, mpokea wageni hotelini, mhudumu wa wateja. Neno kwa neno, kama mhadhiri wetu alivyotutajia wiki ya mwisho. Kifaransa kinafungua milango, alisema. Mlango ulionifungukia mimi ni wa stoo ya karatasi.

Mama anaamini niko ofisi ya tafsiri. Sikumwambia hivyo hasa. Nilimwambia ofisini kwetu makaratasi ni mengi. Na kweli ni mengi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimesema jino linauma. Nilikwenda kwenye usaili, kampuni ya kupokea simu za wateja wa nje.

Msaili aliweka rekodi ya mteja anayelalamika kwa Kifaransa. Dakika moja. Nilisikia neno la salamu mwanzoni na la shukrani mwishoni. Katikati — mvua juu ya bati. Mimi, mwenye digrii! Niliandika kurasa sitini kuhusu vitenzi vya riwaya za kale, lakini sijawahi kuongeleshwa Kifaransa na mtu mwenye haraka.

Akaniuliza mteja anataka nini. Nikajibu kwamba amekasirika. Akasema hilo hata yeye amelisikia, na hakusoma Kifaransa.

Alisema kwa upole. Bora angenicheka.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianze asubuhi.

Shangazi alinipigia nikiwa nabana kitabu cha mteja kwa spairo. Yeye ni muuguzi wodi ya wazazi. Akasema acha kila kitu uje, kuna mama mjamzito hapa, mgeni kutoka nje ya nchi, haongei ila Kifaransa, na mumewe hajafika. Mwenye duka akanipa saa moja.

Nilifika saa nne. Shangazi alinishika mkono mbele ya wauguzi wote. "Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu. Kifaransa kwake ni maji ya kunywa." Wakaniangalia. Ningekana hapo hapo ningekuwa mtu leo. Nikatabasamu.

Mama yule alikuwa amelala kwa ubavu, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho. Mdogo kuliko mimi. Aliponisikia namsalimu kwa lugha yake alifumba macho, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akaanza kumwaga maneno. Mvua ile ile juu ya bati.

Daktari akauliza, "Chupa ya uzazi ilipasuka saa ngapi?"

Nikamuuliza. Akajibu kirefu, huku uchungu unamkata. Nilichodaka ni deux heures. Mbili. Saa. Mengine yalinipita. Nilitakiwa kumwambia arudie, taratibu. Neno la kuomba hivyo nalijua tangu wiki ya kwanza ya chuo. Lakini Shangazi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani, anang'aa.

"Saa mbili," nikasema.

Daktari akatazama saa ya ukutani, akaandika. "Basi ni muda si mrefu. Tunao muda. Tuuache uchungu uende wenyewe, jioni tutamwangalia tena."

Nikarudi dukani. Njiani nilitembea kama mtu mwenye kazi yake.

Baada ya chakula cha mchana mteja akauliza saa. Nikatazama simu. 2:00. "Saa nane kamili," nikamwambia. Kisha nikaitazama tena ile 2:00.

Saa mbili yao ni saa nane yetu! Mtoto wa mwaka wa kwanza anaijua hiyo. Na kama ni saa nane, na asubuhi ile nane ya mchana ilikuwa bado, basi ni ya usiku. Chupa ilipasuka usiku wa manane. Daktari anahesabu saa sita pungufu.

Nilishika simu. Niliandika: Shangazi, nimekosea saa. Nikafuta. Nikaandika: Mama yule anaendeleaje? Nikatuma hiyo.

Akajibu: Anaendelea vizuri, uchungu bado mdogo. Daktari amekusifu sana. Nimempigia mama yako nimemweleza.

Basi Mama naye ameshajua mimi ni mkalimani wa hospitali.

Nilijiambia saa sita si nyingi. Nilijiambia mtoto atatoka muda wowote. Nilijiambia madaktari wana vipimo vyao. Nikaendelea kutoa kopi. Simu ilikuwa mfukoni mchana wote, na ilikuwa na salio. Hilo naliandika ili nisije nikalisahau kwa makusudi.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi kapiga asubuhi. Mtoto amezaliwa, wa kike. Lakini mama ana homa kali, na mtoto yuko chumba cha uangalizi, anapumua kwa shida, wanamchoma sindano za dawa. Vidudu vilipanda hadi kwa mtoto, kama inavyokuwa chupa ikipasuka na saa zikawa nyingi. Daktari anashangaa, anasema kwa saa zilizoandikwa haikupaswa kufika huko.

"Dawa tungempa mapema," akasema Shangazi, "kama tungejua."

Niliisogeza simu mbali na mdomo. Akadhani nalia kwa huruma, akanibembeleza.

Nyumbani, Mama ameniombea mezani kabla ya kula. Ameshukuru kwa kazi yangu. Nimeisukuma sahani pembeni.

Alhamisi, 13 Machi

Niko benchi la nje ya wodi ya wazazi. Naandika kwa sababu mikono inataka kitu cha kushika.

Daktari aliniita ili tuzungumze tena na yule mama. Mlangoni Shangazi akaninong'oneza kuwa wanafikiria kunichukua, mkataba wa mwaka, mkalimani wa kuitwa. Amewaambia nitakubali. Mkalimani! Lile neno la kwenye sivii za watu.

Mama yule amekaa, midomo imekauka kwa homa. Mtoto bado yuko kule. Leo alisema polepole, hana nguvu za haraka, na nilielewa kila neno. Afadhali nisingeelewa.

Alisema: mwulize daktari kama kosa ni langu. Chupa ilipasuka saa mbili, ile ya usiku wa manane, na sikutoka nyumbani hadi kulipokucha, niliogopa njia. Je, mimi ndiye niliyemuumiza mwanangu?

"Anasemaje?" Daktari akauliza.

Nikamwambia anauliza kama kosa ni lake.

"Mwambie hapana. Kufika alifika kwa wakati. Ugonjwa huu una mambo yake."

Nikamwambia hapana. Kisha sikunyamaza. Kwa Kifaransa changu cha vitabu, chenye vitenzi vyote mahali pake, nikamwambia kwamba alisema saa sahihi na mimi nikasema nyingine. Kwamba nilijua mchana ule ule. Kwamba sikupiga simu kwa sababu ya aibu. Hakulia. Aliniangalia tu, akauvuta mkono wake kutoka mkononi mwangu. Sikujua kama nilikuwa nimemshika.

"Mbona kirefu hivyo?" Daktari akasema. "Umemwambia nini?"

Shangazi yuko pembeni, ananitazama kama siku ile.

Nikasema, "Nitakueleza nje, Daktari." Akasema sawa, nimsubiri hapa, amalizane na mgonjwa.

Aibu nimeijua miaka miwili sasa, ya kujificha chini ya kaunta. Hii si ile. Ile ilikuwa ya kuonekana mdogo.

Shangazi ametoka. Amekaa karibu yangu, ananinyoosha kola, anasema nikae wima, nisikubali kiwango cha kwanza watakachonitajia. Anauliza mbona nimepauka. Nimemwambia, "Shangazi, kaa hapa hapa. Usiondoke. Nataka usikie na wewe."

Anacheka. Anadhani ni habari ya mkataba.

Daktari ananawa mikono. Nasikia maji. Yamefungwa. Anakuja.