Ukindu wa Harusi ya Khairiya

Msuka, Pemba
Mei 1960

Kwa shemeji yangu Soud, huko Tanga,

Kabla ya yote nakupa salamu nyingi, na nauliza hali yako, ya mkeo Mwanapili na ya watoto, na kile kifua chako kama kimepoa. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi, ila mvua ya mwaka huu haitupi nafasi hata ya kuanika kanga.

Khairiya akusalimu sana, baba yake mdogo. Shemeji, mtoto huyu aliyetuachia marehemu kaka yako si wa kufichwa. Barua za mtaa mzima azisoma yeye, na mwalimu wake kaniambia kwa mdomo wake kwamba hajapata kufundisha kichwa kama kile. Wenzangu wasema najisifu. Najisifu, kwani nimeazima?

Basi juzi tulikwenda msitu wa Ngezi, wanawake wa mtaani, kukata ukindu wa mikeka ya harusi yake na Nasor, kijana uliyemridhia mwenyewe. Bibi harusi haendi, lakini yeye alishikilia kwenda, nami nikasema aje, wamwone.

Tuliteremka mpaka bonde la mto. Kule mvua hata ikikatika, miti yaendelea kunyesha. Mizizi imesimama ndani ya maji, tope lashika mguu kama lakudai deni, na popo wamening'inia juu wakigombana. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwenziwe, kanga tumezipandisha magotini, Mwatum jirani yangu mbele na panga. Mie nikimsifu mwanangu njia nzima, mpaka Mwatum akageuka akaniuliza kama tumekuja kukata ukindu au kusikiliza maulidi ya Khairiya. Walicheka mpaka tumbili wakahama mti.

Ukindu wa mkeka wa harusi, kama ujuavyo, hukatwa ule mchanga wa katikati, usiofunguka bado, ambao ukianikwa huwa mweupe. Tulipopumzika ng'ambo ya mto tukafungua matita yetu. La Khairiya lote lilikuwa majani makuukuu, magumu. Mwatum akamwuliza kama mumewe atalalia ufagio. Wakacheka tena. Mie sikucheka. Mtoto yule asuka tangu hajaanza chuo cha Kurani, na ukindu mchanga aujua hata kwa kuushika gizani.

Wakati wa kurudi nikamweka nyuma, nikamwuliza. Tukavuka maji kwanza. Kisha akaniambia kuwa kila alipokamata ule mchanga, mkono ulikataa kukata. Hana lawama na Nasor. Lakini amekubaliwa chuo cha ualimu huko Unguja, na akiolewa sasa ndiyo basi. Hakuthubutu kusema, kwa kuwa wewe umeshatoa neno na hataki kukutia aibu.

Sasa shemeji, kaa kitako. Nimeshakwenda kwa Bi Tamima, mama yake Nasor, nikamwambia harusi hakuna. Sikukungoja. Wewe ndiye walii wake, neno lilikuwa lako, nami nimelivunja bila ya ruhusa. Bi Tamima alikasirika, akaniambia sifa zangu sasa zimefika pabaya. Haki anayo. Lakini nilijua nikikuuliza kwanza utakataa, na ukishakataa sitakuwa na uso wa kukupinga.

Hasira zako nipe mie. Mtoto hakunituma, na nilipomwambia nilikotoka alilia. Asema hapandi meli bila ya radhi yako, hata chuo kimfungie mlango, na yule akisema kasema. Kwa hiyo usinijibu mie. Mwandikie yeye, japo mstari mmoja. Kila siku mwenye barua akipita hutoka nje kufagia ua uliokwisha fagiliwa.

Wote hapa wakusalimu, hata Mwatum, ingawa hajui nakuandikia nini. Mungu akuweke.

Ndimi shemeji yako,
Bimkubwa binti Silima