Waliandikwa Hawapo

Chumbani kwangu,
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Wapwa zangu hawajambo? Mimi mzima, ila jicho limevimba, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Unaijua kazi yetu ya kuwauliza watu majumbani kama wanapigwa. Matokeo yalipotoka, mkuu wetu alifurahi hadi akatununulia soda: eti vipigo vimepungua. Mimi roho ilikataa. Milango mingi haikufunguliwa, na huenda anayepigwa ndiye asiyefungua. Nikaomba kumbukumbu za ziara: nani alibisha, saa ngapi, alisikia nini.

Dada, nilizisoma zote. Wadadisi wetu wakikataliwa hugombezwa, basi huandika "hawapo". Halafu pembeni wanaandika ukweli: pazia lilisogea, mwanamume alifoka, kitu kilivunjika. Nyumba za nyuma ya reli zilijaa hayo. Mojawapo ni ya mdogo wetu, Kidoti. Haturuhusiwi kuhoji ndugu, kwa hiyo alikwenda mwenzangu tunayemwita Msumari. Aliandika: hawapo, mwanamke analia.

Nilitoka mbio. Shemeji akaniambia mlangoni kwamba mkewe amesafiri, nami namsikia Kidoti akigumia kwa maumivu ndani. Nikausukuma mlango kwa bega. Akanichapa pasi ya chuma usoni. Nikamshika shingo, nikamgongesha ukutani mpaka plasta ikadondoka, na majirani ndio walionivuta. Sijutii hata chembe, usinihubirie. Polisi wanaye.

Kidoti yuko kwangu. Taya limefungwa waya, mbavu zimevunjika, nikimtania ananikunjia ngumi maana kucheka kunamuua. Mkuu ameyasimamisha matokeo. Tunarudi kwenye milango ile ile, wanawake wawili wawili, waume wakiwa kazini.

Jana Msumari alikuja kuomba radhi, machozi yanamtoka, na karatasi yake mkononi. Kidoti hawezi kusema. Akaomba kalamu, akalikata lile neno "hawapo" kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, akaandika chini yake: "Nilikuwepo. Nilikusikia ukibisha. Alikuwa amenikaba."

Msalimie mama mkwe wako na wabusu wapwa zangu, hasa yule mtundu wa mwisho. Mungu awalinde mlalapo na mwamkapo. Ukipata nauli, njoo. Mlango ukigongwa, Kidoti bado anajificha nyuma ya kabati.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, yule wa hasira.