Barafu Hafungwi Mnyororo

Mwanangu Zuwena,

Umekwenda masomoni ukaniachia Barafu, haski wako, mbwa wa nchi za theluji, aliyeumbwa kuvuta mizigo juu ya barafu. Umemwacha hapa mjini Ibra, ambako wakati wa kiangazi hata punda hukimbilia kivuli.

Unakumbuka ulipomleta? Waliomnunua walipenda macho yake ya buluu, wakachoka na manyoya yake, wakamtupa. Mjomba wako Nassor alisimama mlangoni, hakuingia. "Dada, hii nyumba ya swala." Ukamwonyesha chumba cha uani chenye kiyoyozi, na kanzu kuukuu ya dishdasha iliyotundikwa kwa kazi ya mbwa tu, tuivue na kunawa kabla ya kuswali. "Mjomba, tohara yetu tutaitunza. Wewe njoo ule tende."

Akaingia, akitaraji mlinzi. Mlinzi gani! Barafu habweki. Akiachwa peke yake huomboleza, na mgeni akija hulala chali akunwe tumbo. Mwivi angepokewa kama mkwe.

Kiangazi hiki aliacha kula. Namtembeza baada ya alfajiri, kabla ardhi haijawaka, na bado alilala kama gunia. Nassor akaja na shauri.

"Mnyoe, Dada. Humwonei huruma?"

"Mbona wewe hunyoi ndevu joto likizidi?"

"Ndevu zangu sunna."

"Na manyoya yake mwavuli. Ukiyanyoa, jua linafika kwenye ngozi. Huchanwa tu, yaliyokufa yatoke."

Akageukia shauri la pili: kuna mtu kule Jalan anamtaka, atamfunga mnyororo kwenye shamba la mitende. Hapo niliwaka moto. Mnyama aliyezoea kukimbia na wenzake, umfunge peke yake juani? Kumpenda kiumbe kwa uzuri wake, kisha kumuadhibu kwa maumbile yake, ni dhulma, na haipungui udhulma kwa kuwa anayedhulumiwa ni mbwa. Nilimwambia, mbwa huyu akienda Jalan, na mimi nakwenda.

Nassor alitoka nje. Halafu akatandika nailoni kiti cha nyuma cha gari lake la milimani. "Wallahi watu watatucheka. Tunampeleka mbwa mapumzikoni."

Tulipita mji wa Birkat al Mauz, tukapanda mlima hadi kwa rafiki yangu mwenye shamba la komamanga, ambako jioni mtu huomba shali kwa baridi. Barafu alishuka, akanywa, akamaliza kuku na wali. Asubuhi alinivuta kamba nusura niache viatu njiani. Nassor alitazama kwa mbali, ameshika pindo la dishdasha yake. "Kumbe ndiye huyu?"

Ndiye huyu, mwanangu, na ukirudi likizo utamkuta. Nitabaki naye huku mpaka joto livunjike. Usiwe na wasiwasi, soma.

Mjomba wako amerudi Ibra. Kila siku hupiga simu kuniuliza mimi nimekula nini. Namjibu, "Amekula," naye hukata simu kwa furaha.

Nakupenda na nakuombea,
Mama yako