Jina Ambalo Sikulitaja Kwenye Televisheni

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa ya pili

Wifi yangu Dafrosa,

Umeamkaje huko kwenye ukungu? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kila nikipanda ngazi linanikumbusha kuwa ujana uliondoka bila kuaga. Niambie kahawa imeivaje mwaka huu, na mgongo wako unaendeleaje na msimu wa kuchuma. Zaidi ya yote niambie kifua cha Baba. Baridi ya Maguu mwezi huu naijua, haina adabu kwa wazee.

Barua hii isome kwanza peke yako. Halafu, nakuomba, msomee Baba kwa sauti ya kusikika. Nimeshindwa kumwandikia mwenyewe, na sababu unaijua, maana barua huanza kwa jina la anayeandikiwa, na jina la baba wa mume wangu halijawahi kupita kinywani mwangu wala kwenye kalamu yangu. Pale nilipoweka mzaha unaweza kuruka, ingawa nakujua, hutaruka hata neno.

Siku hizi nawakumbuka mno. Nilipoolewa nilitoka Kihagara na ndoo ya usipa mkavu, wale dagaa wetu wa ziwani, na miguu iliyozoea mchanga, nikapandishwa milimani kwenu. Ulinicheka siku ya kwanza shambani kwa sababu nilishuka mteremko kwa makalio. Baadaye ukanifundisha kuchimba ngolo, kulaza majani makavu kwa mraba na kuyafukia mpaka shimo likae vizuri katikati, na ukasema watu wa ziwani tunajua kuchimba makaburi ya samaki tu. Nami nikakuambia ugali wenu wa mahindi haushiki mboga kama wetu wa muhogo. Ubishi ule hatujaumaliza mpaka leo.

Na Baba, je, unakumbuka alivyokuwa akifanya? Akija njiani alikohoa mbali, kusudi nipate muda wa kuingia kwenye mibuni apite bila kukutana nami uso kwa uso. Akiwa na la kuniambia alimwambia kuku. Siku ile nilipokuwa natetemeka jikoni alisimama uani akamwambia jogoo, nami nasikia kila neno, kwamba huyo mtoto wa ziwani moto haumtoshi, basi amwambie kuna kuni kavu nyuma ya banda. Nilicheka hadi nikatokwa machozi. Sijaheshimiwa hivyo na mtu mwingine yeyote hapa duniani, na hilo usiliruke ukimsomea.

Kisha ushirika ukayumba, wanunuzi binafsi wakapanda mlima na mizani zao, na kaka yako Anselm, karani wa ghala, akabaki anatunza funguo za ghala lisilo na kitu. Tukaja huku. Yeye alipata kazi ya stoo, mimi nikaingia kikundi cha maigizo cha parokia. Ndiyo miaka ile televisheni za watu binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza na hazina cha kuonyesha. Kituo kimoja kikatuchukua tulivyo, na magauni yetu ya kwaya.

Nikapewa nafasi ya mhusika mkuu wa mchezo. Nilikuwa mke anayegombana na baba mkwe mchoyo juu ya shamba. Nikafungua karatasi za maneno yangu nikakuta yule mzee mchoyo amepewa jina. Wifi, lilikuwa jina la Baba. Lile lile la ubatizo, herufi kwa herufi. Mtunzi alikuwa mtu wa mjini kabisa, alilipenda tu kwa sababu lina sauti ya kizee.

Nilikwenda kwa mwongozaji kumwomba alibadili. Akaniuliza jina gani. Nikanyoosha kidole kwenye karatasi. Akalisoma kwa sauti, akaniuliza lina kasoro gani, mimi nikaona haya kumweleza mila ya kwetu. Akasema vipande viwili vimesharekodiwa na wenzangu wameshalitaja mara nyingi, kwa hiyo nijizoeze. Sikujizoeza. Kila nilipofika kwenye jina nililizunguka. Nilisema mwenye nyumba ya juu, nilisema yule wa kofia, nilisema aliyemzaa mume wangu. Mwongozaji alinisimamisha mara tatu, ya nne akachoka, kamera ilikuwa ya kuazima na muda unakwisha. Watu wakaipenda. Huku Tabata wapangaji walianza kuwaita baba wenye nyumba zao mwenye nyumba ya juu, hata pale nyumba yenyewe ilipokuwa bondeni.

Mwaka ule ule kituo kikaanzisha Tuzo ya Mwanamke Kinara, ya mwanamke anayeigiza mhusika mkuu vizuri kuliko wenzake. Nikaitwa mimi, wa kwanza kabisa. Ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa mabati, na joto lake usiulize. Nilipewa kinyago cha mpingo cha kichwa cha mwanamke, doti ya khanga, na katoni ya sabuni kutoka kwa wadhamini. Jaji mkuu akasoma sababu zao. Alisema, "Tumempa kwa dharau yake. Mzee dhalimu hakustahili hata jina lake kutajwa, na mama huyu amemnyima." Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka Baba alisikie hili kutoka kwangu. Nilijua wamekosea. Nilijua wameiona heshima yetu wakaiita dharau, kwa sababu hawajui kwamba kwetu mke hamtaji baba wa mumewe. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi. Neno moja lingetosha. Nikasema asante nikashuka. Nilikitaka kile kinyago, wifi. Nilikuwa sijawahi kupewa kitu na watu wengi namna ile, nikaogopa nikisema ukweli watakichukua.

Yaliyofuata mnayajua kwa upande wenu. Binamu yenu, yule mnunuzi wa kahawa, alikuwa ameona mchezo kwenye baa pale Mbinga mjini, akasikia jina la Baba linatajwa na watu wanacheka, na mimi nimesimama katikati yao. Halafu akapata gazeti lililoandika maneno ya jaji, akalipandisha Maguu. Baba akalisoma mwenyewe kwa miwani yake. Akasema nisikanyage kwake tena. Anselm alipokwea kumweleza, Baba alimuuliza swali moja tu, kama gazeti limedanganya. Anselm akarudi kuniuliza mimi. Nikamwambia gazeti halikudanganya, jaji alisema hivyo hivyo, na mimi nilikubali. Alinitazama, akaniambia basi hilo nitakwenda kulieleza mwenyewe. Nikasema nitakwenda. Nikawa naahirisha, aibu ikazaa woga, na woga ukazaa miaka.

Katika miaka hiyo niliitazama tuzo ile ikikua. Mwaka wa pili ilikwenda kwa dada mmoja aliyemzaba kofi mkwe wake kwenye mchezo. Washindani walikuwa wengi, na watazamaji walipiga kura kwa kukata vikaratasi gazetini, hadi wauza maandazi wakalalamika magazeti ya kufungia yamejaa matundu. Mwaka wa tatu haikutolewa, maana mgao wa umeme ulikuwa mkali na watu wa sabuni walijitoa. Iliporudi ilikuwa na wadhamini wapya, na kinyago cha mpingo kikageuka kuwa kioo kinachong'aa. Baadaye wakaja watu wa simu, kura zikawa za ujumbe. Washindi waliendelea kubadilika, ila mwanamke waliyemwigiza akawa yule yule, mwenye ulimi mkali, wa kubeza wakwe. Mtunzi mmoja aliniambia bila haya kwamba hiyo ndiyo njia niliyoifungua mimi. Nilikwenda nyumbani nikakifunika kinyago kwa kitambaa. Wengine wale dada waliigiza vizuri sana, siwanyimi haki yao, na wapo waliokuwa na ugomvi wa kweli wa kuuonyesha. Lakini njia yangu mimi ilijengwa juu ya uongo.

Mwaka jana Anselm akatutoka. Nilimleta Maguu ndani ya sanduku, nikakaa nyuma kabisa na ndugu zangu wa Kihagara kama mgeni wa mbali. Uliniletea uji na ukaninong'oneza nivumilie. Baba alipita mbele yetu kwenda kaburini, akapita kimya. Wifi, niliyalia mawili siku ile, kufiwa na kukataliwa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita kituo kikanipigia simu. Wanataka historia ya tuzo isomwe kwenye sherehe, na mwenye kuifaa ni mshindi wa kwanza. Wakanipa karatasi iliyoandikwa tayari. Mimi nimeandikwa mle kama mama aliyewafundisha wanawake wa televisheni kudharau. Nikaomba ibadilishwe. Kijana wa ofisini, mpole tu, akasema imeshachapwa kwenye kitabu cha sherehe na wageni wamepelekewa. Nikasema sawa.

Jana Jumamosi mchana nikapanda jukwaani na vitenge vyangu, nikasoma miaka yote kama ilivyoandikwa, tangu vikaratasi vya gazeti hadi kioo. Mwaka wa kwanza niliuruka nikauacha wa mwisho. Nilipoufikia nikakunja karatasi. Nikawaambia kwamba jina lile sikulitaja kwa sababu ni jina la baba wa mume wangu, na kwamba kwetu kinywa cha mke hulinda jina hilo kama mtu anavyolinda mbegu. Nikawaambia majaji walinipa tuzo kwa dharau ambayo sikuwa nayo, na mimi nikaipokea nikijua, na mzee mmoja huko Maguu amebeba aibu hiyo miaka yote kwa sababu ya ukimya wangu. Kulikuwa na kamera tatu, na yote yalikuwa yanakwenda hewani wakati ule ule.

Mshereheshaji, binti mchangamfu asiye na ubaya, akaona aokoe shughuli. Akanisogezea kipaza sauti akasema, "Basi mama, leo yamekwisha, tutajie tu huyo mzee anaitwa nani, tumpigie makofi."

Watu wakacheka kidogo, wakangoja. Nikaona wanangoja kweli. Nikasema, "Mimi namwita Baba."

Nikashuka.

Kuna waliopiga makofi na kuna wasiopiga. Jaji mkuu wa mwaka ule wa kwanza, sasa mzee wa mkongojo, alinipita mlangoni bila kunipa mkono, na simlaumu. Leo asubuhi nimeambiwa wanafikiria kuliondoa jina langu kwenye orodha, tuzo ianzie mwaka wa pili. Nimewaambia kinyago wakija kukichukua watakikuta kimeshafutwa vumbi. Niliyemwogopa miaka yote si wao.

Naandika haraka ili barua iwahi kabla ya binamu yenu, maana huenda naye ameona tena kule baa, na akikwea nalo sijui litafika na sura gani. Safari hii Baba alisikie kwangu kwanza.

Misa ya mwaka ya Anselm ni mwezi ujao. Nitakuja. Nitapanda basi hadi Mbinga, nilale kwa masista, asubuhi nipate gari la kupanda Maguu. Sitaki mniombee wala mnipangie maneno. Baba akikubali niingie, nitaingia kwa mlango wa jikoni nilikokuwa nikiingia zamani, nichambue mchele na wewe. Akikataa ni haki yake, sikumfanyia dogo. Nitasimama nje ya ua na majirani, nimsikilizie mume wangu misa yake, kisha nishuke Kihagara kwa mama. Lakini sitakaa tena Dar nikisema nitakwenda.

Nisalimie mume wako, mwambie usipa wake nitamletea na sitakubali malipo ya matusi juu ya watu wa ziwani. Msalimie katekista aliyetufungisha ndoa, na shangazi yenu mwenye mashine ya kukoboa, aliyenipa kiti msibani wakati wengine wanatazama pembeni. Mkipata mtu wa kushuka ziwani, mama yangu mumwambie ninakuja na kwamba ninakula vizuri. Hilo la pili ongeza kidogo.

Na Baba mpe shikamoo yangu. Ukimpa, Dafrosa, piga magoti kwa niaba yangu, maana mimi huku nimeiandika nikiwa nimepiga ya kwangu, hata lile bovu.

Wifi yako,
Skolastika, mke wa Anselm