Ninaficha Kifafa cha Marehemu, Wananiita Muuaji

Mpendwa mshauri Bi Zahra, naomba msaada kabla sijachanganyikiwa. Mume wangu Gathogo alifariki usingizini wiki iliyopita hapa Kamakis, niliamka nikamkuta amelala kifudifudi, amepoa, na jioni alikuwa amekula githeri yangu akicheka, sasa shemeji yangu Chege amesimama mbele ya ukoo mzima huko kwao Ngoliba akasema, "Huyu mama alimwekea kitu kwa chakula, mtu mzima hawezi lala tu akufe!" na polisi wakasema mwili usizikwe mpaka upasuliwe, nami nikalia nikakataa, kumbe najichimbia shimo. Ukweli ni kwamba Gathogo alikuwa na kifafa tangu darasa la tatu, dawa alizificha ndani ya viatu vyake vya gambuti, na aliniapisha nisimwambie mtu kwa sababu angefutwa kazi kiwandani. Sasa nataka nikubali upasuaji lakini ninyamaze kuhusu kifafa, daktari ajionee mwenyewe hakuna sumu, na siri ya mume wangu ibaki siri. Nitakuwa nimekosea?

Ngendo, Ruiru

Ngendo, pole sana kwa msiba. Sasa nisikilize.

Unakataa upasuaji halafu unashangaa Chege akikushuku? Hata mimi ningekushuku! Na huu mpango mpya ni mbaya kuliko wa kwanza. Kifafa si risasi ambayo daktari ataiokota mwilini. Mara nyingi kifo cha ghafla cha namna hii hakiachi alama ya kukieleza. Daktari asipoambiwa historia ya ugonjwa, huenda akaandika chanzo hakijulikani, na Chege atajaza hapo jina lako.

Serikali nayo inanichosha. Ningekuwa na uwezo, kila kifo cha ghafla kingeulizwa kwa lazima: marehemu alikuwa akianguka kifafa? Na majibu yahesabiwe, tujue tunazika wangapi. Lakini huwezi kumweka mumeo mochari ukingoja sera.

Halafu wewe, mtoto wa darasa la tatu alikuwa akianguka nyumbani kwa nani? Mama mkwe wako anajua! Aliketi hapo mbele ya ukoo akisikia ukiitwa muuaji, akanyamaza, kwa sababu anaona aibu kama wewe.

Kesho chukua hizo dawa, umweleze daktari kila kitu kabla hajaanza kazi. Kisha nenda Ngoliba, mwite huyo mama kando, mpe nafasi aseme mwenyewe mbele ya Chege. Akikataa, sema wewe. Gathogo alikuapisha ili asipoteze kazi, na kazi sasa hana.